Kitabu cha Maktaba Hakikopwi

SWALI: Najiandaa kwa IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, na kwenye sehemu ya kuzungumza naweza kuulizwa mazoea yangu ya maktaba: naenda mara ngapi, nafanya nini nikifika. Mimi hupanga jibu kwa Kiswahili kwanza, ndipo naligeuza kuwa Kiingereza. Nimeandika hivi: "Mimi huwa ninaenda maktaba kila Jumamosi kukopa vitabu." Rafiki yangu anasema "huwa ninaenda" ni kosa, niseme "huenda". Nani yuko sahihi?

JIBU: Rafiki yako ameona kibanzi, boriti ameipita. Nianze na kibanzi, kwa kuwa ndicho ulichouliza na hakitatuchelewesha.

Kiambishi hu- hubeba mazoea peke yake. Hakitaki kiambishi cha nafsi wala cha wakati: mimi huenda, wewe huenda, wao huenda. Kwa hiyo "mimi huenda maktaba kila Jumamosi" ni sentensi iliyokamilika. "Huwa ninaenda" si kosa, ila umetumia vitenzi viwili kwa kazi ya kimoja. Utaihitaji "huwa" ukifika kwenye kukanusha, maana hu- haina ukanushi wake: "Jumapili huwa siendi." Wengine huikwepa "huenda" kwa sababu ina maana nyingine ya "labda", kama katika "huenda akaja". Hofu hiyo haina msingi hapa. "Huenda" ya labda hufuatwa na kitenzi au kauli nzima, na hii ya kwako inafuatwa na mahali. Hakuna atakayeelewa kwamba labda wewe ni maktaba.

Sasa boriti. Imelala mwisho wa sentensi yako: "kukopa vitabu". Matumizi haya yameenea kwenye insha, kwenye matangazo na hata midomoni mwa watu wanaofundisha lugha, na kila nikiyasikia huona Kiswahili kinanyang'anywa kitu ambacho Kiingereza hakina. Kiswahili kina vitendo viwili, na kila kimoja kina jina lake. Ukikopa, unachukua kitu ukakitumia kikaisha au kikawa chako, kisha unalipa thamani yake au kingine cha namna ileile. Ukiazima, unachukua kitu, unakitumia, na unakirudisha kilekile. Tofauti yenyewe ndiyo hiyo, na si ndogo.

Tazama methali mbili ambazo kila mzungumzaji anazijua. Ya kwanza: "Nguo ya kuazima haisitiri matako." Ya pili: "Kukopa harusi, kulipa matanga." Hakuna anayezichanganya. Nguo imeazimwa kwa sababu mwenyewe yupo, anaijua kwa rangi na kwa kiraka, na wakati wowote anaweza kuitaka, hata mbele ya watu. Hapo ndipo aibu ya methali inapotoka. Gharama za harusi zimekopwa kwa sababu zikishatumika hazionekani tena. Kinachobaki ni deni, na deni linakuja kudaiwa siku ya msiba.

Jaribu kubadilisha. Sema "nguo ya kukopa". Methali inakufa papo hapo, kwa sababu nguo ya kukopa ni nguo uliyoichukua kwa muuzaji kwa ahadi ya kulipa baadaye. Hiyo ni yako. Unaivaa, unaikata, unaishona upya, unamgawia nduguyo, na muuzaji hana habari na nguo. Habari yake ni fedha. Nguo ya kukopa inasitiri matako vizuri kabisa. Kinachobaki wazi ni mfuko.

Hebu sasa irudie sentensi yako. "Nimekopa kitabu" maana yake umekichukua kwa muuza vitabu, utamlipa mwisho wa mwezi, na kitabu ni mali yako tangu dakika uliyotoka nacho mlangoni. Unaweza kuandika jina lako ukurasa wa kwanza na kupiga mistari kwa wino. Mwambie mkutubi kwamba umekuja kukopa vitabu, halafu, kama mkopaji mwaminifu, baada ya wiki mbili umletee kitabu kingine cha unene uleule. Hatakipokea. Anataka kilekile chenye muhuri wa maktaba, namba ileile mgongoni na kurasa zote. Ukikichelewesha utatozwa faini, na hata ukiilipa, kitabu bado kinadaiwa. Taratibu zote za maktaba, yaani kadi ya uanachama, tarehe ya kurudisha, kuomba kuongezewa muda, na vitabu vya rejea visivyotoka nje ya jengo, zipo kwa sababu kitabu kinaazimwa.

Kalamu, ngazi, sufuria, mwavuli, kitabu: huazimwa. Fedha, sukari, unga: hukopwa, kwa kuwa hakuna anayeweza kukurudishia punje zilezile za sukari alizokorogea chai. Kitabu cha kielektroniki nacho huazimwa, ingawa hakishikiki mkononi. Muda ukiisha kinafungwa kwako na nafasi inakwenda kwa msomaji mwingine.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Wanaisimu husema Kiswahili kimekopa maneno kutoka Kiarabu, ilhali maneno hayo Kiarabu hakikuyapoteza. Kwa nini yasiwe yameazimwa? Jibu liko kwenye neno kitabu lenyewe. Lilikuja na mzizi wa k-t-b, mzizi wa kuandika, uliotupa pia katibu, mkataba, mkutubi na maktaba. Lilipofika, Kiswahili kikaisikia ki- ya mwanzo kama kiambishi cha ngeli, kikaunda wingi wake chenyewe: vitabu. Waarabu husema kutub. Neno maktaba nalo, ambalo kwa Kiarabu laweza pia kuwa duka la vitabu, tukalibana libaki na maana moja, na duka tukaliita duka. Huwezi kumrudishia mwenyewe kitu ulichokikata na kukishona upya. Maneno yamekopwa, na wanaisimu wako sahihi.

"Kukopa vitabu" kumetoka wapi basi? Kumetoka kwenye Kiingereza, ambacho kina "borrow" moja kwa vyote viwili. Mwanafunzi anafungua kamusi ya lugha mbili, anakuta kopa na azima zimewekwa pamoja na mkato katikati, anaokota moja. Kiingereza hakijali kama utarudisha kilekile au mfano wake. Kinajali kitu kingine, na hapa ndipo mtihani wako unapoingia: kinataka kujua kitu kinakwenda upande gani. Anayechukua hutenda "borrow". Anayetoa hutenda "lend".

Sisi upande tunauonyesha ndani ya kitenzi. Kwa kopa ni rahisi: anayechukua anakopa, anayetoa anakopesha. Kwa azima kuna mtego. Tuna azimisha kwa anayetoa, na ningependa itumike zaidi, lakini azima yenyewe hufanya kazi pande zote mbili. "Nimeazima kitabu" ni nimechukua. Ukiingiza kiambishi cha mtu, mara nyingi kitenzi kinageuka: "Nimemwazima kitabu" ni nimempa. "Ameniazima" ni amenipa. Linganisha na kopa: "Amenikopa" maana yake amechukua kwangu, na hajalipa. Vitenzi viwili, viambishi vilevile, na kitu kinasafiri kinyume.

Hapo ndipo linapozaliwa lile kosa la Kiingereza linalosikika kila siku: "Borrow me your pen." Msemaji ana "niazime" kichwani, na kwenye daftari lake azima ni "borrow". Kinyume chake nacho kipo: "I lend books from the library", ambapo msomaji amejifanya ndiye maktaba. Dawa ni kuuliza jambo moja kabla ya kufungua mdomo: kitu kinakuja kwa mtenda au kinatoka kwake? Kikija, ni "borrow", kifuatwe na "from": "I borrow books from the library." Kikitoka, ni "lend": "The library lends books to its members." Na "niazime kalamu yako" ni "lend me your pen", au "can I borrow your pen?" Zote mbili ni sawa, ila ona kwamba mtenda amebadilika.

Mtahini hatakusahihisha. Atasikiliza, mazungumzo yatarekodiwa, na alama zitatolewa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi. "Borrow me" inakugusa kwenye msamiati na sarufi kwa pamoja. Na ile tabia yako ya kupanga kwa Kiswahili kisha kugeuza inakugusa kwenye mtiririko. Sehemu ya kwanza, ile ya maswali ya maisha ya kila siku, ina dakika 4 hadi 5 tu kati ya 11 hadi 14 za mtihani wote. Ukitafsiri kimoyomoyo kila sentensi, mtahini atasikia ukimya mwingi kuliko maneno. Ukipewa ile dakika 1 ya kujiandaa katika sehemu ya pili, andika maneno machache ya Kiingereza moja kwa moja. Usiandike sentensi za Kiswahili.

Mambo matatu madogo yanayoambatana na maktaba. Sema "go to the library", usiiache "the", hata kama "go to school" haina. Kusoma kwetu ni neno moja, kwao ni mawili: ukipitia kitabu ni "read", ukijiandaa kwa mtihani ni "study". Ukisema unakwenda maktaba "to read" ilhali unakwenda na daftari la hesabu, umesema jambo jingine. Na hu- yetu ya mazoea ni wakati uliopo wa kawaida: "I go", au "I usually go". "I use to go" haipo. "I used to go" ipo, lakini maana yake ni kwamba zamani ulikuwa ukienda na sasa umeacha.

Sehemu moja nimeichoka, na sigombani na mtu: "niazime hela". Kwa kanuni ni makosa, kwa sababu noti utakazorudisha hazitakuwa zilezile. Lakini anayesema hivyo anajua anachofanya. Anachagua neno la kitu kinachorudi ili mwenye hela asiogope. Huo ni ustadi wa kuomba, na mwombaji nampisha. Mwenye kitabu cha maktaba mkononi hana udhuru huo.

Sentensi yako, basi: "Mimi huenda maktaba kila Jumamosi kuazima vitabu." Na mbele ya mtahini: "I go to the library every Saturday to borrow books." Akikuuliza unakaa navyo muda gani, mwambie hadi tarehe ya kurudisha, kwa kitenzi "return". Usimwambie "pay back". Hicho ni cha mkopo.