Monita ya pili kwa USB, mbona haiwaki?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nafanya mahesabu ya maduka ya watu nikiwa nyumbani hapa Arusha. Laptopu yangu ya Windows 11 ina tundu moja tu la HDMI na tayari lina monita. Nikachukua monita nyingine ya mtumba na adapta yenye USB upande mmoja na HDMI upande wa pili, nikachomeka, wapi! Monita giza. Muuzaji anasema laptopu yangu ndio mbovu. Nimepigwa?

JIBU: Salama dada. Inawezekana umepigwa, ila kabla hujaenda kugombana dukani fungua programu ya kamera iliyomo humo humo kwenye Windows, adapta ikiwa imechomekwa. Ukikuta kamera imeongezeka moja basi hicho ulichouziwa ni kifaa cha kunasia picha, kazi yake ni kuingiza picha kwenye kompyuta kutoka kwenye kamera au dekoda, sio kuitoa kwenda kwenye monita. Kwa macho vinafanana mno, vyote vina kichwa cha USB na tundu la HDMI, ndio maana hata muuzaji mwenyewe anaweza asijue anauza nini. Angalia maandishi madogo ya juu yake, ukisoma neno Capture usihangaike na draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa) wala fundi, karudishe.

Kama sio hicho, basi tuanze na draiva. Tundu la HDMI linatoa picha moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya picha ya laptopu, lakini USB ile ya kawaida ya bapa haitoi picha, inapitisha data tu. Kwa hiyo prosesa inaibana picha, inaisukuma kwenye USB, halafu chipu iliyomo ndani ya adapta inaifungua na kuitoa kwa HDMI, na kazi yote hiyo inasimamiwa na draiva, bila draiva hata ukae mpaka jioni hupati kitu. Chipu zinazojulikana zaidi ni za DisplayLink, kampuni iliyoanzia Cambridge kule Uingereza na ikanunuliwa na Synaptics mwaka 2020. Hizo ukichomeka ukiwa na intaneti Windows mara nyingi inajitafutia draiva yenyewe, ikigoma kaichukue kwenye tovuti ya Synaptics, sio kwenye tovuti yoyote utakayokutana nayo, halafu uwashe upya. Adapta nyingi za bei rahisi zina chipu nyingine, na baadhi zinakuja na draiva ndani yake, yaani ukichomeka unaona kadiski kadogo kametokea kwenye orodha ya diski zako, kafungue uinstoli.

Tundu nalo usilidharau. Picha ya 1920 kwa 1080 inayobadilika mara 60 kwa sekunde ikiwa haijabanwa ni karibu biti bilioni 3 kila sekunde. USB 2.0 mwisho wake milioni 480, USB 3.0 inafika bilioni 5. Chungulia ndani ya tundu, kale kaulimi kakiwa ka bluu au pembeni pameandikwa SS mara nyingi ndio 3.0 yenyewe, chomeka hapo. Ukishamaliza bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P uchague Extend, maana ikibaki kwenye kuonyesha skrini ya kwanza tu utazidi kuilaumu adapta bure.

Kwa kazi yako ya mahesabu itatosha, Excel haina mbio. Ila video ukiicheza kwenye monita ya adapta unaweza kuona inakatakata na feni ya laptopu inaanza kuvuma, kwa hiyo ya HDMI iachie vitu vinavyotembea. Na kama umerudishiwa hela usikimbilie kununua adapta nyingine ya namna hiyo, tazama kwanza kama laptopu ina USB-C yenye alama ya DP au ya radi pembeni. Ikiwa nayo, waya wa USB-C kwenda HDMI unachukua picha kwenye kadi yenyewe, hakuna draiva hakuna nini. Sio kila USB-C inatoa picha lakini, na ukiambiwa uvalishe waya huo kichwa cha kuchomeka kwenye USB ya bapa, kataa.

SWALI: Hujambo ndugu, niko Mombasa. Nina MacBook Air ya M1, nimenunua habu, kile kifaa cha kuongezea matundu, yenye HDMI mbili lakini monita zote mbili zinaonyesha kitu kile kile. Shida ni habu?

JIBU: Sijambo ndugu. Habu haina kosa. Hiyo M1 imetengenezwa kuendesha monita moja tu ya nje, kwa hiyo habu ya kawaida haiwezi kukupa ya pili yenye picha yake. Hapa ndipo adapta ya DisplayLink inapolipa, instoli programu yake ya DisplayLink Manager, monita moja iache kwenye HDMI ya habu, nyingine ipitishe kwenye adapta. Mac itakuomba uiruhusu programu hiyo kurekodi skrini, iruhusu, ndivyo inavyoipata picha ya kupeleka kwenye monita, hakuna anayekuchunguza. Kero yake ni kwamba filamu za kulipia kama za Netflix zinaweza kuja nyeusi tupu, sauti unasikia picha huioni, hata kwenye skrini ya laptopu yenyewe. Ukitaka kuangalia filamu ifunge programu hiyo kwanza, ukirudi kazini uiwashe tena.