Mbwa wangu mdogo haachi kuharisha, na Flagyl haisaidii tena

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina mbwa dume wa aina ya Maltese, ana miezi 14 na uzito wa kilo 3.2. Tangu tumnunue akiwa na miezi mitatu, tumbo lake halijatulia. Anaharisha siku nne au tano, anapata nafuu, kisha anaanza upya. Kinyesi ni laini, mara nyingine kina ute kama kamasi, na asubuhi hutapika povu la njano. Amepewa Flagyl mara tatu. Kila mara kuharisha kunakata halafu kunarudi. Dawa ya minyoo anapata kila miezi mitatu. Anakula posho (ugali) na mukene (dagaa), chakula kikavu cha dukani kikiwepo, na watoto humpa chapati na maziwa. Bado anacheza, ila mbavu zinahesabika. Ana ugonjwa gani, na nimpe dawa ipi? Chanjo yake ya kichaa cha mbwa imekaribia. Niiahirishe? Mama wa watoto wawili, Entebbe.

JIBU: Pole sana, mama. Kufuta sakafu kila wiki huku mnyama anakonda mbele ya macho yako kunachosha, na watoto nao wanaumia wakimwona hivyo.

Nianze na ombi: Flagyl iwekeni kando kwanza. Dawa iliyomo, metronidazoli, huua bakteria wengi wa utumbo, wakiwemo wale wanaomsaidia mbwa kusaga chakula. Kuharisha kunakata kwa muda, chanzo kinabaki palepale, na bakteria wazuri huchukua wiki kadhaa kurudi. Mkirudia mara ya nne mtakuwa mnampunguzia tumbo kinga yake. Halafu mwili wa kilo 3 hausamehe makosa ya kipimo. Kidonge cha mtu mzima kikikatwa kwa kukisia, dawa inaweza kuzidi na kugusa ubongo, mbwa akaanza kuyumba na macho yakachezacheza.

Kuharisha kukipita wiki tatu tunakuita sugu. Hiyo ni dalili, na nyuma yake kuna mambo mengi yanayowezekana. Mimi hufuata mpangilio huu: vimelea kwanza, chakula baadaye, damu mwisho. Vimelea na chakula havigharimu sana kuchunguza, na kwa mbwa kijana anayecheza bado, jibu mara nyingi liko humo.

Kuhusu vimelea, dawa mnayompa kila miezi mitatu huenda inafaa kwa safura, minyoo mviringo na tegu. Kuna kimelea kidogo kinachoitwa giadia ambacho vidonge vingi vya kawaida vya minyoo, vyenye pirantel na prazikwantel pekee, havikigusi. Watoto wa mbwa wanaouzwa wakiwa wamejazana ndani ya boksi moja hukipata mapema sana, na historia ya mbwa wako inanifanya nikifikirie. Giadia haitoki kwenye kinyesi kila siku, kwa hiyo sampuli moja isiyo na kitu haitoshi kuniridhisha. Kusanya kinyesi kibichi cha siku tatu tofauti, kila kimoja kwenye kikopo safi chenye mfuniko. Kama huwezi kufika maabara siku hiyohiyo, kihifadhi mahali pa baridi mbali na chakula cha watu. Kliniki nyingi za wanyama Kampala na Entebbe zina hadubini, na Chuo Kikuu cha Makerere kina chuo cha udaktari wa mifugo chenye maabara.

Giadia ikionekana, dawa inayotumika sana ni fenbendazoli, miligramu 50 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, siku tatu hadi tano. Kwa mbwa wako hiyo ni miligramu 160 kwa siku. Hapa naomba umakini, kwa sababu madukani dawa hii huuzwa kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi, na nguvu yake hutofautiana. Chupa ya asilimia 10 ina miligramu 100 katika mililita moja, kwa hiyo kipimo chake ni mililita 1.6. Ya asilimia 2.5 ina miligramu 25, na kipimo kinakuwa mililita 6.4. Soma lebo, mwonyeshe daktari wako chupa yenyewe, tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Na muuzaji akikupa levamisoli badala yake kwa kuwa “zote ni za minyoo”, ikatae. Kwa mbwa, umbali kati ya kipimo cha kutibu na kipimo cha kudhuru ni mdogo mno. Siku ya mwisho ya dawa mwogeshe vizuri, hasa sehemu za nyuma, fua kitanda chake kwa maji moto na ukianike juani mpaka kikauke kabisa. Asipooga atajilamba, ajiambukize upya. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wamalizapo kucheza naye, maana safura na minyoo mviringo ya mbwa huwafikia pia watu.

Sasa chakula, na hapa ndipo ninapoweka matumaini yangu makubwa. Mbwa wengi vijana wenye tumbo sugu hupona kwa kubadilishiwa chakula peke yake, bila dawa nyingine. Mlo wa mbwa wako una vitu vingi vinavyobadilikabadilika: leo mukene, kesho cha pakiti, keshokutwa maziwa. Maziwa yana sukari ambayo mbwa wengi wakubwa hawaisagi. Chapati ni mafuta. Mukene ni chakula chenye protini nzuri, lakini ile ya bei nafuu mara nyingi hukaushwa juu ya mchanga ufukweni, na ikikaa sana mafuta yake huchacha. Unga wa mahindi nao ukiwa na ukungu, mwageni. Sumu ya ukungu haifi kwa kuchemshwa, na ini la mbwa haliivumilii.

Jaribio lenyewe ni hili. Chagua nyama moja ambayo hajawahi kula, pamoja na wanga mmoja. Kwa mazingira yetu sungura na viazi mbatata ni chaguo zuri: hupatikana, na mbwa wachache wamewahi kula sungura. Chemsha bila chumvi, bila kitunguu wala kitunguu saumu (hivi viwili huharibu damu ya mbwa), bila mafuta, na utoe mifupa yote. Kwa uzito wake anza na takriban gramu 80 za nyama iliyoiva na gramu 120 za viazi kwa siku nzima. Gawa mara nne. Mlo wa mwisho apate mnapokwenda kulala, kwani povu la njano la alfajiri mara nyingi ni nyongo inayochoma tumbo lililokaa tupu usiku kucha. Badilisha taratibu kwa siku nne, kisha endelea kwa wiki mbili kamili.

Katika wiki hizo hakuna kingine kinachoingia mdomoni isipokuwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kipande kimoja cha chapati chini ya meza kinaharibu jaribio lote, kwa sababu hamtajua tena kilichosababisha nini. Waambie watoto ukweli kwamba hii ndiyo dawa yake, wape kazi ya kuandika kila siku kinyesi kilivyokuwa na mara ngapi ametapika. Dada wa kazi na mlinzi nao waelezwe. Mpime uzito kila wiki: jipime ukiwa umembeba, kisha jipime peke yako. Mzani wa bafuni hukosea kidogo kwa mnyama mdogo hivyo, kwa hiyo ukipata wa kliniki ni bora zaidi.

Kinyesi kikikaza na uzito ukapanda, usikimbilie kurudisha vyakula vyote. Rudisha kimoja kimoja, na kinachomharisha kiachwe kabisa. Usikae na sungura na viazi kwa miezi pia, kwa maana mlo huo hauna kalsiamu wala vitamini za kutosha. Daktari wako akupangie mlo kamili wa nyumbani wenye virutubisho, au akutafutie chakula maalumu cha tumbo. Hicho cha pili ni ghali, na mbwa wa kilo 3 ana nafuu moja: mfuko mmoja humchukua muda mrefu.

Jaribio lisipoleta mabadiliko, au uzito ukiendelea kushuka, ni wakati wa damu. Kwa mbwa wako ningeomba hasa vipimo vitatu. Albumini, ambayo ni protini ya damu, kwa sababu ikiwa chini huenda protini inavuja kupitia utumbo. Asidi za nyongo kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, kwa kuwa Maltese ni miongoni mwa mbwa wanaozaliwa na mshipa unaopitisha damu kando ya ini; mbwa wa namna hiyo hubaki mdogo na wengine huduwaa wakishakula. Kisha homoni ya kotisoli, kuangalia tezi za adrenali zilizo karibu na figo, maana zikilegea dalili huja na kuondoka kama ulivyoeleza. Ikizidi nanomoli 55 kwa lita, ugonjwa huo unaondoka kwenye orodha. Kama amewahi kuchomwa sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mzio), sema kabla ya kutolewa damu, kwani hupotosha kipimo hiki. Steroidi za kutibu tumbo zenyewe zinakuja baadaye sana, baada ya haya yote.

Usisubiri jaribio liishe akitapika kila anachomeza, akitoa damu nyingi, fizi zikiwa nyeupe, tumbo likivimba, au akigoma kula siku nzima. Mbwa mdogo hivi huishiwa maji na sukari haraka. Akilegea au kutetemeka, mpake asali kidogo kwenye fizi, umwahishe kliniki. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za watu asipewe hata kwa bahati mbaya, hutoboa tumbo.

Kuhusu chanjo: akiwa mchangamfu, hana homa, anakula, kuharisha huku kwa muda mrefu si sababu ya kuahirisha ile ya kichaa cha mbwa, kwani ugonjwa huo bado uko nchini na ana watoto karibu naye kila siku. Daktari ampime joto siku hiyo na kuamua. Ikibidi kusubiri, iwe siku chache, na muondoke na tarehe mpya iliyoandikwa kwenye kadi yake.