Kabla ya kuuliza nani alikuwa rais, ulizeni nani alimdai nani

Wadogo zangu mnaoanza kusoma historia ya Marekani changa, ile ya kuanzia 1783 hadi miaka ya 1830 hivi, nawaandikia kwa sababu mimi niliisoma vibaya mwaka mzima. Daftari langu lilikuwa na sehemu mbili. Mbele siasa: katiba, marais, vyama. Nyuma uchumi: pamba, benki, mifereji. Nilikariri zote mbili. Insha yangu ya kwanza ikarudi na swali moja la wino mwekundu, pembeni ya aya niliyoisifia Katiba ya 1787: “Deni la vita lililipwa na nani?” Sikuwa na jibu. Nilipolitafuta, sehemu zile mbili za daftari zikawa kitu kimoja.

Anzieni na karatasi. Vita vya uhuru vilipokwisha, serikali haikuwa na fedha ya kuwalipa askari wake, ikawapa hati za kuahidi kwamba watalipwa baadaye. Mtazameni mtu huyo. Amerudi shambani magharibi mwa Massachusetts, anadaiwa dukani, na mwenye duka anataka sarafu. Hati hailiwi wala hainunui chumvi. Anaiuza kwa mlanguzi kwa robo ya thamani yake, pengine chini ya hapo. Kisha jimbo linapandisha kodi ili liwalipe wanaoshika hati, na kodi yenyewe inadaiwa kwa sarafu. Yaani askari aliyepigana anatozwa ili alipwe yule aliyeinunua hati yake kwa bei ya kutupa.

Mkishamwona huyo, uasi wa 1786 hautawapa shida. Wakulima, mmoja wa viongozi wao akiwa Daniel Shays aliyekuwa kapteni vitani, walizifunga mahakama ili kesi za madeni zisisikilizwe. Januari 1787 walijaribu kuliteka ghala la silaha la Springfield, wakashindwa. Mei mwaka huo huo wajumbe wakaanza kikao Philadelphia cha kuandika Katiba.

Sasa isomeni Katiba kwa jicho la mdai. Kuna kifungu cha 10 cha Ibara ya Kwanza ambacho wengi hukiruka, nami nilikiruka: kinayakataza majimbo kutoa noti zao wenyewe na kutunga sheria za kuvunja mikataba. Mabunge ya baadhi ya majimbo yalikuwa yakichapa noti ili kuwapunguzia wadaiwa mzigo. Kifungu hicho kiliufunga mlango huo. Ibara ya Sita nayo ikaahidi kwamba madeni ya zamani yatatambuliwa.

Mtakapoingia kwenye barua na vitabu vya hesabu, jihadharini na neno “shilingi”. Hilo liliniharibia sura nzima ya tasnifu. Dola ya fedha ya Kihispania, jamaa yake zile reale zilizozunguka pwani yetu, ilihesabiwa shilingi 6 Virginia na New England, shilingi 7 na nusu Pennsylvania, na shilingi 8 New York. Nililinganisha bei za ngano za majimbo mawili bila kulijua hilo, nikaona uhaba mahali ambapo hapakuwa na uhaba. Kabla ya kunakili tarakimu yoyote, tazameni barua imeandikwa wapi.

Januari 1790 ndiyo pa kukaa sana. Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha, alipeleka bungeni ripoti yake kuhusu deni. Nchi ilikuwa na watu wasiofika milioni 4, na serikali kuu peke yake ilidaiwa zaidi ya dola milioni 50. Pendekezo lake: hati za zamani zibadilishwe kwa hatifungani mpya, na anufaike aliyeishika hati leo, si askari aliyepewa kwanza. James Madison, mbunge wa Virginia, alitaka malipo yagawanywe kati ya wote wawili, akashindwa kwa kura. James Jackson, mbunge wa Georgia, alilalamika bungeni kwamba walanguzi wamekwisha kutuma meli kwenda majimbo ya kusini kununua hati kabla habari haijawafikia wenyewe. Hoja ya Hamilton ilikuwa na uzito: taifa lisilolipa halikopeshwi tena, na hati ambayo haijulikani italipwa kwa nani haiwezi kuuzwa kwa imani. Mimi bado namwona Madison alikuwa na haki zaidi, lakini msimkatae Hamilton kabla ya kumwelewa.

Serikali ikabeba pia madeni ya majimbo. Virginia, iliyokwisha kulipa sehemu kubwa ya deni lake, ilipinga, hadi yakafikiwa mapatano kwamba makao makuu yahamie kando ya mto Potomac. Mnapouona mji wa Washington kwenye ramani, ujueni kuwa uko pale kwa sababu ya deni.

Riba ya deni hilo ililipwa kwa fedha gani? Sehemu yake kwa ushuru wa wiski wa 1791. Mkulima wa ng'ambo ya milima ya Pennsylvania hakuwa na barabara ya kufikisha nafaka sokoni. Nafaka ya kupakia farasi mmoja haikulipa safari, lakini ikishapikwa kuwa wiski, farasi yule yule alibeba thamani ya mara kadhaa. Wiski ndiyo iliyokuwa fedha yake. Ushuru ulidaiwa kwa sarafu asiyokuwa nayo. Mwaka 1794 wakaasi, na George Washington mwenyewe akapanda farasi kuongoza wanamgambo karibu 13,000, wengi kuliko aliokuwa nao katika mapigano mengi ya vita vya uhuru.

Kwenye vyama sitakaa. Shikeni moja tu: “Warepublican” wa Thomas Jefferson, rais wa tatu, si chama cha leo chenye jina hilo, kilichoanzishwa 1854.

Barua za wakubwa hawa zinasomeka bure mtandaoni katika hazina ya Founders Online. Zisomeni, ila msiishie kwao, kwa maana waliodaiwa zaidi hawakuandika barua. Baada ya Eli Whitney kuunda mashine yake ya kuchambua pamba mwaka 1793, pamba ilitapakaa Kusini, na watumwa wakaongezeka kutoka karibu 700,000 mwaka 1790 hadi karibu milioni 2 mwaka 1830. Mwenye shamba alipokopa, aliweka watu rehani. Pamba waliyoichuma ilifumwa Massachusetts, na kitambaa chake kikafika Unguja, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani. Bibi zetu walikiita merikani. Wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Massachusetts, walirudi na pembe za ndovu na sandarusi.

Septemba 1789, akiwa Paris, Thomas Jefferson alimwandikia Madison kwamba dunia ni ya walio hai, na kizazi kimoja hakina haki ya kukitwisha kingine madeni yake. Alifariki tarehe 4 Julai 1826 akidaiwa zaidi ya dola 100,000. Januari 1827, shambani kwake Monticello, watu wapatao 130 walipigwa mnada ili deni hilo lilipwe. Joseph Fossett, mhunzi wa pale, alikuwa ameachiwa uhuru katika wosia, lakini uhuru wake ulianza Julai mwaka huo. Mkewe Edith, mpishi, hakuachiwa. Aliuzwa siku hizo, pamoja na watoto wao kadhaa. Mmoja wao, Peter, alikuwa na miaka 11.