Uliza Fundi: Ile mashine juu ya injini si turbo

SWALI: Shikamoo fundi. Kijiweni kwetu tunabishana kuhusu yale magari marefu membamba ya mbio za dragi, ya Marekani, miaka ya 60, yanayokimbizana robo maili. Mmoja anasema lile dude linalochomoza juu ya injini ni turbo. Mwingine anasema injini zake zilitengenezwa maalumu kwa mbio. Na kwa nini dereva alikaa nyuma kabisa, halafu baadaye injini ndiyo ikahamia nyuma? Mwisho, nikitia ile nitro yao kwenye Corolla yangu, itakimbia?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba, kijana. Turbo siyo. Turbo huzungushwa na moshi wa eksozi. Hilo dude linazungushwa na mkanda kutoka kwenye krenki. Ni kipuliza hewa cha dizeli ya GMC 6-71, injini ya malori na mabasi: silinda 6, kila moja inchi za ujazo 71. Dizeli hiyo ni ya mipigo miwili, haiwezi kujivutia hewa yenyewe, ndiyo maana ikafungiwa cha kuisukumia. Wamarekani wakakichomoa kwenye lori, wakakipachika juu ya V8 ya petroli. Hapo ndipo wanaponifurahisha. Fundi yeyote wa Gerezani angewaelewa siku hiyohiyo.

Kuhusu injini, mwenzenu kapatia nusu. Chrysler Hemi ya inchi za ujazo 392, yaani lita 6.4, ya 1957 na 1958, ilikuwa ya magari ya kawaida ya barabarani. Ile ya 426, lita 7, iliyotoka 1964, ndiyo iliyozaliwa kwa ajili ya mbio. Jina Hemi maana yake nusu tufe: zote mbili chumba cha mwako kimebonyea kama nusu chungwa lililokamuliwa, valvu mbili kubwa zimetazamana, hewa inapita bila kona nyingi. Usidhani ni mambo ya Marekani tu. Toyota 2T, ile ya Corolla na Carina za zamani, ukiipindua silinda hedi yake utakuta umbo hilohilo.

Dereva alikaa nyuma ya ekseli ili uzito wake ukandamize matairi yashike lami. Ubaya ni kwamba injini, klachi na gia boksi vyote viko mbele yake, na miguu imepita juu ya difu. Tarehe 8 Machi 1970, kwenye uwanja wa mbio wa Lions, California, gia boksi ya dereva wa dragi Don Garlits ilipasuka, ikaligawa gari vipande viwili na kumkata sehemu ya mguu wa kulia. Akajenga gari lenye injini nyuma ya dereva, na 1971 akashinda nalo mbio za Pomona, California. Haikuchukua miaka mingi wengine wakamfuata. Kwa macho yangu yale ya zamani yanapendeza zaidi, ila miguu yangu hapo nisingeiweka.

Sasa nitro. Hiyo ni nitromethani, mafuta ya maji kabisa, si ile gesi ya kwenye mitungi ambayo vijana huiita jina hilo. Kilo moja ya petroli inataka karibu kilo 14.7 za hewa. Nitromethani inataka 1.7 tu, kwa sababu imebeba oksijeni yake. Kwa hewa ileile unachoma mafuta mara nane hivi. Nguvu ya kila kilo ni kama robo ya petroli, lakini ukizidisha unapata zaidi ya maradufu. Kabureta yako haiwezi kumwaga mafuta kiasi hicho, na ikikosa ya kutosha joto linapanda, injini inanoki, yaani mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda. Utakuwa umetoboa pistoni kabla hujafika Buguruni.