Niliunguza uso wangu kwa tretinoini kabla sijajua kuitumia

Usiku wa kwanza niliipaka tretinoini, dawa ya chunusi, kama ninavyojipaka losheni. Nilikamua mstari mrefu kidoleni, nikasugua uso mzima, mabaki nikayamalizia shingoni, nikalala na furaha. Usiku wa pili nikarudia. Usiku wa tatu nikaongeza, kwa kuwa sikuona tofauti yoyote na nilidhani nimepewa dawa dhaifu. Asubuhi ya siku ya tano pembe za mdomo zilikuwa zimechanika, mashavu yamekaza kana kwamba yamepakwa gundi, na maji ya kunawa yalinichonyota hadi machozi yakanitoka. Wiki ya pili uso ulikuwa unapukutika magamba, na palipokuwa na magamba pakabaki peusi: kuzunguka mdomo, kwenye mikunjo ya pua, chini ya macho. Nikaitupa dawa.

Weusi ule ulinikaa miezi minane. Chunusi zangu, ambazo nilikuwa nazo tangu nikiwa na miaka kumi na sita, hazikuwahi kuniachia madoa mabaya namna ile.

Mwaka uliofuata nilirudi kwenye dawa ileile, krimu ya tretinoini ya asilimia 0.025, safari hii nikiwa na daktari wa ngozi aliyenieleza hatua kwa hatua. Uso ulisafika. Kwa hiyo sina ugomvi na dawa. Naandika kwa ajili ya mwenye ngozi nyeusi kama yangu ambaye ameandikiwa retinoidi na bado hajaifungua tyubu.

Retinoidi ni jamii ya dawa zinazotokana na vitamini A au zinazofanya kazi kwa njia ileile. Za kupaka zinazotumika kwa chunusi ni tretinoini, adapaleni, tazaroteni na trifaroteni, ambayo ni ya juzijuzi tu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019. Tretinoini ndiyo kongwe. Daktari Albert Kligman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo yao kuhusu chunusi mwaka 1969, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 1971. Kligman huyohuyo alifanya majaribio mengi ya dawa za ngozi kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, wengi wao watu Weusi, na mwaka 2021 kitivo cha tiba cha chuo hicho kiliomba radhi. Nilipolijua hilo nilikaa kimya muda mrefu. Naliandika hapa kwa sababu anayenufaika na dawa anapaswa kujua ilipita kwenye ngozi za nani.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo lingeniokoa kama ningelijua mapema: chunusi huanza kitambo kabla hujaiona. Ndani ya kinyweleo, seli zilizokufa hutakiwa kupukutika na kutoka nje. Kwa mwenye chunusi hushikamana, zikachanganyika na mafuta ya ngozi, zikawa kizibo kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Kizibo hicho kinaweza kukua kwa wiki kama nane hivi kabla hujakiona kwenye kioo kikiwa kichwa cheusi au cheupe. Bakteria wanaoishi humo wakistawi na mwili ukaanza kupambana nao, ndipo unapopata uvimbe, maumivu na usaha. Retinoidi hufanya kazi kule mwanzoni kabisa. Huingia kwenye seli na kurekebisha jinsi zinavyokua na kupukutika, kizibo kisipate nafasi ya kujijenga. Pia hupunguza uvimbe.

Ukilielewa hilo, mengine yanajipanga yenyewe. Dawa unayopaka leo inashughulikia chunusi ambayo ingetokea baada ya miezi miwili. Ndiyo maana haina maana kuipaka juu ya chunusi iliyokwisha kuiva na kuacha kwingine. Inapakwa eneo lote linalotoa chunusi, hata palipo laini leo. Ndiyo maana pia hakuna kipimo kikubwa kitakachokufikisha haraka. Ukiongeza dawa unaongeza kuungua tu.

Kipimo ni punje moja ya njegere kwa uso mzima. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilidhani daktari anazungumzia shavu moja. Weka nukta ndogo kwenye paji, kila shavu, pua na kidevu, kisha zisambaze kwa wepesi bila kusugua. Ukimaliza huoni kitu usoni, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Mpango wangu wa mara ya pili ulikuwa hivi. Wiki tatu za mwanzo nilipaka usiku mmoja, nikapumzika mbili. Ngozi ilipotulia nikaenda usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana, kwa mwezi mzima. Kila usiku nilianza mwezi wa tatu tu. Uso niliuosha kwa sabuni laini isiyo na harufu wala chembechembe, nikaukausha kwa kuugusagusa kwa taulo, nikasubiri kama dakika ishirini. Ngozi yenye majimaji hupitisha dawa kwa kasi, na mwenye ngozi nyepesi kuungua anahisi tofauti. Kabla ya dawa nilipaka mafuta ya mgando kwenye pembe za mdomo, kando ya matundu ya pua na karibu na macho, kwa sababu dawa hutambaa na kukusanyika kwenye mikunjo. Kisha losheni nyepesi, dawa, na losheni tena juu yake. Wapo wanaosema losheni ya chini inapunguza makali ya dawa. Huenda inayapunguza kidogo, lakini dawa laini unayoipaka miezi sita itakusaidia kuliko kali unayoitupa wiki ya pili. Mimi nilikwisha kuitupa mara moja, najua.

Kama hata hivyo inakuwasha, kuna njia nyingine: ipake, iache dakika thelathini hadi saa moja, uioshe, halafu uongeze muda taratibu. Ngozi ikianza kuchonyota hata kwa maji au kwa losheni uliyoizoea, simama kabisa siku kadhaa. Hutapoteza chochote. Paka losheni na mafuta ya mgando mpaka itulie, ndipo urudi ukiwa na nafasi kubwa zaidi kati ya usiku na usiku.

Wiki ya nne zilinijia chunusi nyingi kuliko nilizokuwa nazo kabla. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na siwalaumu. Kwa baadhi ya watu wiki za mwanzo hali huonekana kuwa mbaya zaidi, na inaelezwa kuwa vile vizibo vilivyokuwa vinajijenga kimyakimya husukumwa juu kwa mpigo. Mwingine hapitii kabisa. Nilichojifunza ni kutofautisha mambo mawili. Chunusi zikitokea mahali zinapotokea siku zote, zikaiva na kuondoka upesi, huko ni kupita tu. Lakini ukiona uso unawaka, umevimba, unachubuka, au vipele vidogo vinavyowasha vimetapakaa mahali ambapo hukuwahi kuwa na chunusi, ngozi inakuambia umeiumiza. Ya kwanza huvumiliwa. Ya pili usiivumilie hata siku moja, hasa wewe mwenye ngozi nyeusi.

Nasisitiza hili la ngozi nyeusi kwa sababu maelekezo mengi niliyowahi kusoma yanazungumzia uso kuwa mwekundu. Wangu haukuwa mwekundu. Ulikuwa wa kijivu na mkavu, kisha ukawa mweusi, na kwa kuwa nilisubiri wekundu usiokuja, nilichelewa kujua kwamba nimeungua. Ngozi yetu ikiumizwa, iwe na chunusi, kucha au dawa, seli zinazotengeneza rangi huamka na kumwaga rangi nyingi kuliko kawaida. Doa hilo si kovu, hufifia, lakini huchukua miezi, na likiwa limezama ndani zaidi huweza kufika mwaka na kuendelea. Retinoidi yenyewe husaidia kufifisha madoa ya namna hiyo, mradi tu isiyatengeneze mapya.

Jua ni sehemu ya matibabu kwa maana hiyohiyo. Usiku unapaka dawa. Asubuhi unapaka krimu ya kukinga jua yenye kinga ya 30 au zaidi, hata siku ya mawingu, na kuirudia ukishinda nje. Retinoidi hufanya ngozi iathirike na jua kwa urahisi, na mwanga huyafanya madoa yaendelee kukolea. Miaka mingi niliamini weusi wa ngozi yangu unatosha. Unasaidia, ila hautoshi. Krimu niliyoipenda baadaye ni ile yenye rangi, iliyotiwa oksidi ya chuma, kwa kuwa inazuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao kwa watu weusi huchangia madoa; tena haiachi uso na utando mweupe. Tretinoini yenyewe, katika michanganyiko mingi, huharibika kwa mwanga, na hiyo ni sababu moja ya kuipaka usiku.

Kuhusu kuchanganya dawa. Benzoili peroksidi ni dawa nzuri ya chunusi, lakini huweza kuivunja tretinoini ya kawaida zikikutana usoni, kwa hiyo moja hupakwa asubuhi na nyingine usiku. Adapaleni inaistahimili, na kuna jeli zenye zote mbili ndani ya tyubu moja. Dawa ya kupaka yenye antibayotiki, kama klindamaisini, haifai kutumika peke yake kwa muda mrefu, maana bakteria huizoea. Asidi ya salisili, vipodozi vya kusugua na kung'oa nywele za uso kwa nta viache pembeni miezi ya mwanzo; nta huondoka na ngozi ya juu.

Na kuna krimu za kung'arisha ngozi zisizoandikwa kilichomo. Nyingi huwa zimetiwa steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Mwanzoni uso unatulia vizuri sana, chunusi zinalala, unashukuru. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, vipele vya steroidi vinaibuka, na ukiacha vinafumuka vyote kwa pamoja. Ukipaka retinoidi juu ya ngozi iliyokwisha kulainishwa hivyo, unaichoma. Kama umekuwa ukitumia krimu ya namna hiyo, mwambie daktari wazi kabla hajakuandikia chochote. Hakuna aibu katika hilo.

Mwanamke mjamzito, au anayetafuta mimba, asitumie retinoidi. Tazaroteni imekatazwa kabisa katika ujauzito. Tretinoini na adapaleni huingia mwilini kidogo sana zikipakwa, lakini daktari hushauri ziachwe, na kuna dawa nyingine, kama asidi ya azelaiki, zinazoweza kuchukua nafasi yake. Ukigundua una mimba ukiwa unaitumia, acha, kamwone daktari, na usijitese kwa hofu kabla hajakueleza. Vidonge vya isotretinoini, retinoidi ya kumeza, ni habari nyingine kabisa: hivyo huharibu mtoto tumboni, na hutolewa kwa masharti makali.

Retinoli ya kwenye vipodozi si kitu kimoja na hizi. Mwili unalazimika kuigeuza kwa hatua mbili hadi iwe asidi ya retinoiki, kwa hiyo nguvu yake ni ndogo zaidi. Kwa chunusi za kweli nisingepoteza mwaka kwayo. Ukitaka pa kuanzia kwa upole, adapaleni ya asilimia 0.1 huwa inavumilika kuliko tretinoini, na katika nchi nyingine huuzwa bila cheti cha daktari. Marekani iliruhusu hivyo mwaka 2016.

Zipo chunusi ambazo krimu peke yake haizimudu. Vinundu vigumu vinavyouma chini ya ngozi, makovu yenye mashimo yaliyoanza kujitokeza, chunusi za mgongo mzima: usisubiri miezi sita ukijaribu mwenyewe, kwa kuwa kovu la shimo haliondoki kwa kupaka. Chunusi za kidevu na taya zikiambatana na hedhi isiyoeleweka au nywele ngumu usoni, omba uchunguzwe homoni.

Mimi nilianza kuona tofauti wiki ya kumi. Kabla ya hapo nisingeamini, kwa sababu anayejitazama kwenye kioo kila asubuhi haoni badiliko. Nilipiga picha kila Jumapili, dirisha lilelile, saa ileile, bila vipodozi, na picha ya wiki ya kumi na mbili nilipoiweka kando ya ile ya kwanza nililia. Sasa napaka usiku tatu kwa wiki. Niliwahi kuacha miezi minne nikidhani nimepona, na vichwa vyeusi vya kwanza vikarudi mwezi wa tatu, kwenye paji palepale.

Mdogo wangu ameanza ya kwake mwaka huu. Wiki ya tano alinitumia ujumbe saa sita usiku: dada, zimeongezeka, naacha. Nilimuuliza zimetokea wapi, na maji yanamchonyota akinawa? Akasema kidevuni kama kawaida, na maji hayamchonyoti. Nikamwomba picha ya kiasi anachokamua. Kilikuwa punje tatu za njegere. Tukakubaliana apumzike usiku nne, arudi na punje moja, na tutazame picha pamoja wiki ya kumi na mbili. Leo yuko wiki ya tisa.