Mvuvi anasema hajaacha ARV lakini virusi vimepanda: angalieni haya kwanza

Mkuu, umeuliza kuhusu mdogo wako anayevua dagaa visiwani Ukerewe: yuko kwenye dawa za VVU (ARV) mwaka wa nne, kipimo cha wingi wa virusi kimerudi na nakala 6,200 za virusi kwa kila mililita ya damu, na anaapa kwamba hajawahi kuacha dawa. Usimwite mwongo. Inawezekana kabisa hajaacha. Kwa mvuvi, kutoacha dawa ni jambo moja na kumeza kila siku ni jambo lingine, na siku zinazopotea hapo katikati mara nyingi hata mwenyewe hazihesabu.

Ikiwa naye, kama wengi wa watu wazima siku hizi, yuko kwenye TLD, basi ni kidonge kimoja kwa siku: tenofoviri 300 mg, lamivudini 300 mg na dolutegraviri 50 mg. Hiyo dolutegraviri ni ngumu kuzoeleka na virusi, usugu wake bado ni nadra. Ndiyo maana mtu wa TLD akipanda juu ya nakala 1,000, kinachotafutwa kwanza si usugu. Ama kuna siku zinarukwa, ama kuna kitu anakula kinachozuia dawa isiingie mwilini.

Hesabu vidonge pamoja naye. Tuseme alipewa kopo la vidonge 90 na leo ni siku ya 40: vinatakiwa vibaki 50. Ukikuta 61, ina maana amemeza 29 kati ya 40, sawa na asilimia 72.5. Kiwango kinachoitwa ufuasi mzuri ni asilimia 95 na kuendelea, na kwa mwezi wa siku 30 ukikosa siku mbili tu umeshashuka chini yake. Lakini usiliamini kopo peke yake. Wapo wanaomwaga vilivyozidi siku moja kabla ya kliniki ili hesabu ilingane. Swali linalofanya kazi kuliko "unameza?" ni hili: "Juzi usiku ulikuwa mwalo gani, na kopo lilikuwa wapi?" Ukiuliza hivyo kwa siku nne au tano nyuma, picha inakuja yenyewe.

Sasa saa ya kumeza. Hapa ndipo naona wavuvi wa dagaa wanaumia bila sababu. Zamani dawa iliyotangulia TLD ilikuwa na efavirenzi, iliyoleta kizunguzungu na ndoto za ajabu, kwa hiyo watu walifundishwa kumeza usiku wakati wa kulala. TLD ikaja, saa ikabaki ileile ya saa 3 usiku. Saa 3 usiku mvuvi wa dagaa yuko majini, taa zimewashwa, simu ameiacha nchi kavu au imefungwa kwenye nailoni, na kwenye mtumbwi wako watu kadhaa wanaomtazama. TLD haina ulazima wa usiku. Inamezwa saa yoyote, umekula au hujala, na kwa baadhi ya watu ukiimeza usiku ndiyo inawanyima usingizi.

Ahamie asubuhi. Na asiseme tu "asubuhi", aifunge na kitu anachofanya kila siku. Wakati wa giza anarudi alfajiri, wanashusha dagaa, anakunywa chai kabla ya kulala: ameze na hiyo chai. Mbalamwezi ikiingia dagaa hawavutwi na taa, kambi inapumzika, yeye anarudi kulala usiku kama watu wengine, lakini chai ya asubuhi bado ipo. Saa 1 hadi saa 2 asubuhi inamfaa katika vipindi vyote viwili, wakati saa ya usiku inamfaa kimoja tu. Kubadilisha ni rahisi: leo ameze saa 3 usiku kama kawaida, kesho asubuhi ameze kingine, kisha aendelee kila asubuhi. Kuwahisha kidonge mara moja hakuna shida, kuchelewesha ndiko kunakoacha pengo.

Akisahau, ameze pale pale anapokumbuka. Kama zimebaki chini ya saa 4 kufikia dozi inayofuata, aruke hiyo na ameze inayofuata kwa saa yake. Asimeze viwili kwa pamoja kufidia.

Jambo la pili, na kwa visiwani nadhani ndilo kubwa kuliko yote, ni kuhama. Dagaa wakihama, kambi inahama nao. Leo yuko Ukara, wiki ijayo tajiri kasema waende Irugwa, au wavuke mpaka Goziba kule Kagera, na mtu anaondoka na nguo mbili. Kopo limebaki kwenye begi kwa mke Nansio. Kwa hiyo vidonge vyote visikae sehemu moja. Kopo kubwa libaki anapoishi, na vidonge 14 vikae kwenye kikopo kidogo cha plastiki chenye kifuniko cha kuzungusha, ndani ya begi analosafiri nalo siku zote, akijaza upya kila anaporudi. Dawa hizi zinaharibiwa na unyevu na joto. Zisifungwe kwenye karatasi ya sigara, zisikae mfukoni mwa suruali inayolowa, wala kwenye bati la paa la banda ambako mchana kunachemka. Kile kipakiti kidogo cha kukausha unyevu kilichomo ndani ya kopo kisitupwe. Kidonge kilicholainika au kilichobadilika rangi kirudishwe kliniki.

Kikopo kidogo kinatatua na lile la aibu. Makopo haya yanalia ukitembea, na kwenye banda wanalala watu wengi. Kipande cha pamba safi juu ya vidonge kinamaliza kelele.

Akijikuta mbali bila dawa asisubiri kurudi, na asiazime vidonge kwa mwenzake, maana wawili wataishiwa badala ya mmoja. Aende CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU) yoyote iliyo karibu na kadi yake, aeleze yuko safarini, aombe dawa za kumfikisha. Awe na picha ya kadi kwenye simu, namba yake ya CTC ionekane vizuri. Dawa ni bure popote.

Halafu yale yanayozuia dawa. Wavuvi wengi wana kiungulia, wanatafuna magnesium za dukani kama pipi. Magnesium na alumini zinaishika dolutegraviri tumboni isiingie kwenye damu. TLD imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vina tabia hiyohiyo, ila hivyo vinaweza kumezwa pamoja na TLD kama ni kwa chakula. Akiwa na kifua kikuu, rifampisini inaishusha dolutegraviri, kwa hiyo anatakiwa kuongezewa kidonge cha dolutegraviri 50 mg saa 12 baada ya TLD, mpaka wiki 2 baada ya kumaliza dawa za TB. Dawa za kifafa na metformini ya kisukari nazo lazima CTC wazijue. Mseto wa malaria na prazikwanteli ya kichocho hazina ugomvi na TLD, lakini kila zinapogawiwa dawa za kichocho visiwani utasikia mtu amesimamisha ARV "zisigongane". Hapana, aendelee.

Pombe pia. Mtu ameambiwa asichanganye, basi siku ya kulipwa anachagua pombe na kuacha kidonge. Pombe haifuti TLD, inamsahaulisha. Bora amezaye amelewa kuliko aliyeruka. Tena hii ni sababu nyingine ya kumeza asubuhi.

Muulize pia, kwa upole, kama kuna mahali ameambiwa amepona. Tuliona 2011 kikombe cha dawa ya mizizi cha Samunge kule Loliondo, watu waliweka dawa pembeni. Kwenye kambi huwa hakukosi mtu wa maombi au wa mizizi. Kusimamisha ghafla kuna hatari nyingine kwa mwenye homa ya ini B: tenofoviri na lamivudini ndizo zinazoizuia, zikikatika ini linaweza kuwaka.

Kliniki watamwita kwa ushauri wa ufuasi, kwa kawaida vikao vitatu, kimoja kila mwezi, halafu kipimo kinarudiwa akiwa amemeza vizuri miezi 3. Katika kipindi hicho hatapewa kopo la miezi 3 wala 6, na safari za kila mwezi kutoka kisiwani ndizo zinazowafanya wengi wapotee. Ombeni tarehe zake ziangukie mbalamwezi, wiki ambayo hana kazi na yuko nchi kavu. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu hivi, kopo la vidonge 30 linakwenda nao karibu sawa. Waambieni wahudumu waziwazi kwamba ni mvuvi wa dagaa, wengi wa huku wataelewa mara moja. Mpaka majibu yarudi chini ya nakala 50, atumie kondomu, na mkewe apime.

Kipimo cha marudio kikibaki 1,000 au zaidi, na safari hii mna uhakika vidonge vimemezwa na magnesium imeachwa, ulizeni kuhusu kipimo cha usugu kabla ya kukubali kuhamishiwa dawa za mstari wa pili, yaani zile zinazotolewa za kwanza zikishindwa.