Kihisi kinachojisafisha kwa mwanga: maswali ya wasomaji wa Lubumbashi

Tunachaji batri za gari ndani ya chumba. Kihisi hiki kitatusaidia nini? (Katuba)

Batri ikichajiwa hutoa hidrojeni, na ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha kulipua. Fungueni madirisha kwanza. Kihisi hiki hugundua hidrojeni: ni mirija ya nano (midogo mno, haionekani kwa macho) ya oksidi ya titani yenye paladi, aina ya metali, juu; hushuka ukinzani wa umeme ikikutana na gesi hiyo. Mafuta yakiifunika, huacha kuhisi. Ukiimulika kwa mwanga wa urujuanimno (UV), oksidi yenyewe huyachoma yakawa kaboni dioksidi na maji. Watafiti wa Penn State, Marekani, walionyesha hilo mwaka 2004 kwa oili ya injini.

Inatengenezwaje? (Kampemba)

Safisha bamba la titani la mm 0.25 kwa asetoni, kisha alkoholi. Tumia kopo la plastiki, maana floridi hula kioo. Weka glikoli ya ethileni, maji asilimia 2 na floridi ya amoni asilimia 0.3 kwa uzito. Titani iende kwenye chanya, fimbo ya kaboni kwenye hasi, volti 60, saa 1. Suuza kwa alkoholi. Maji yakikauka haraka hupasua tabaka. Choma nyuzi 450 za Selsiasi kwa saa 2, ukipandisha joto nyuzi 2 kila dakika. Usiruke hatua hii: bila fuwele za anatasi (umbo la oksidi ya titani linaloamshwa na mwanga) hakuna kujisafisha. Mwisho weka paladi ya unene wa nanomita 10 hivi, ya madoadoa. Ikishikamana, umeme hupita juu yake na kihisi huwa kipande cha chuma tu.

Vaeni glavu, na jeli ya glukonati ya kalsiamu, dawa ya ngozi iliyounguzwa na floridi, iwe mkononi. Kamwe msichanganye floridi na asidi.

Kurantu (umeme) ilikatika katikati, tukaendelea ilivyorudi. Tabaka limebanduka. (mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Volti ikikatika, oksidi haikui lakini floridi inaendelea kula. Ukiwasha tena, mirija mipya huota chini ya ile ya zamani na kuisukuma. Anzeni na bamba jipya. Batri 5 za volti 12 zikiungwa mfululizo zinatoa volti 60 thabiti; wekeni fyuzi.

Tumemulika siku nzima, bado hakisomi. (Ruashi)

Angalieni taa: iwe ya urefu wa wimbi wa nanomita 365. Ya zambarau inayozidi 388 haiamshi anatasi. Kama taa ni sahihi, shida ni vumbi jekundu la kiangazi. Hilo ni madini, limekwisha kuungua tangu zamani, mwanga hauliwezi. Pulizeni hewa kavu, kisha funikeni kihisi kwa kichujio. Silikoni, kama ile ya gundi za kuzibia, msiikaribishe kabisa: mwanga huigeuza silika (kitu kama kioo), na silika haitoki.